Darasa Lililojifunza kwa Macho

Caleb Nalianya alipiga na kupokea taarifa za reli kwa miaka ishirini na tisa. Katika miaka hiyo yote, aliniambia, hakuna abiria hata mmoja aliyemwuliza kazi ile inafanywaje. Watu walitaka kujua treni itafika saa ngapi. Yeye ndiye aliyejua, kwa kuwa stesheni ya nyuma ilikuwa imemweleza kwa milio, lakini aliyeshukuriwa ni stesheni masta, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kofia.

Chama kipya cha redio hapa Umoja, Nairobi, kiliniomba nije niwaeleze wanachama wapya habari za Mzee Nalianya, kwani marehemu ndiye aliyeanzisha mambo haya katika mitaa yetu. Nikasema nitaandika. Kuna mambo ambayo mtu akiyasema mbele ya watu huyakata nusu, na haya sitaki kuyakata.

Kwa asiyejua, redio ya ridhaa si ile ya taarifa ya habari na nyimbo za salamu. Ni watu wa kawaida waliopewa leseni ya kuzungumza wao kwa wao hewani, nchi hadi nchi, bila biashara yoyote. Wengine huzungumza kwa mdomo. Wengine hutumia milio ya Morse, mifupi na mirefu, kila herufi na mpangilio wake. Mzee Nalianya alikuwa mtu wa milio.

Kwao ni Kimilili. Aliingia reli akiwa kijana, akapelekwa stesheni ndogo ndogo za njia ya Mombasa, nyingine hazina hata duka la sukari. Mwaka 1993 akapunguzwa kazi pamoja na wenzake wengi. Simu na vyombo vipya vilikuwa vimechukua mahali pa milio. Aliondoka na barua, saa ya ukutani, na kipigio chake cha shaba, yaani kile kijiti chenye kirungu ambacho mtu hubonyeza kwa vidole ili mlio utoke. Kilikuwa kinatupwa na vyuma chakavu, naye akakiomba.

Alikuwa na nyumba yake katika mtaa uitwao Tena. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa na tabia ya kunyamaza kidogo kabla ya kukujibu, hata ukimwuliza tu kama amekunywa chai. Watu wengine walidhani ni maringo. Kumbe alikuwa anahakikisha umemaliza.

Mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa akisali kanisani kwetu Kariobangi South alipomaliza mkataba wake aliliachia kanisa redio yake ya kutuma na kupokea. Mzee akaenda mjini, akafanya mtihani wa leseni, akapita siku hiyo hiyo. Kanisa likampa chumba cha nyuma, kile cha kuwekea viti vya harusi. Sisi waumini tukavuta waya wa antena kutoka paa la kanisa hadi kwenye nguzo ya tangi la maji, na mwaka 1994 akafungua chama.

Wiki ya pili tu alikuja askari wa chifu, rungu kwapani.

"Wazee, huu waya ni wa nini?"

"Ni wa kusikiliza," Mzee akajibu.

"Kumsikiliza nani?"

"Jana tulimsikia mtu wa Japani."

"Alisema nini?"

"Alisema kwao kunanyesha."

Askari akautazama waya, akatutazama sisi. "Na kuna mtu anawalipa kwa hiyo kazi?"

"Hakuna."

"Basi nyinyi mna shida kubwa kuliko huu waya," akasema, akaenda zake. Hakurudi tena.

Mwanzoni walikuja watu kumi na tisa. Wengi walidhani watafundishwa kutengeneza televisheni. Walipojua kwamba miezi mitatu ya kwanza ni kusikiliza tu na kuandika daftarini ulichosikia, saa ngapi, kutoka wapi, walipungua mmoja mmoja. Tulibaki watatu.

Wa kwanza alikuwa Anyango, karani wa kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali, mama wa watoto wawili, mwepesi wa kucheka. Wa pili alikuwa Sylvance, makanika wa pale viwanda vidogo vya Kariobangi, kijana wa miaka ishirini na tano hivi, asiyeweza kusema maneno matatu bila Sheng, lugha ya vijana wa mitaani. Wa tatu nilikuwa mimi, Kiema, mchongaji. Nachonga twiga na vijiko vya saladi katika soko la Gikomba, na nakaa mtaa wa Dandora.

Mimi sikwenda pale kujiunga. Mzee alinitafuta nimtengenezee kitako cha mbao cha kipigio chake, kisiyumbe mezani. Nilichonga kwa mti wa muhugu, nikampelekea Jumamosi ya kwanza ya chama. Nikasimama mlangoni nimpe niondoke. Akachukua kiti, akakiweka karibu kabisa na redio, akasema, "Kaa hapa." Akanivika hedifoni. Nikasikia milio midogo kutoka mbali sana, mmoja juu ya mwingine, kama watu wengi wanaopiga miluzi nyuma ya mlima. Sikuondoka mpaka jioni.

Baadaye nilijua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake ya kwanza kuhusu chama. Mgeni hakai mlangoni. Mgeni anakaa karibu na redio, na wenyeji wanasogea. Alisema vyama vingi hufa kwa sababu wanaojua wanakaa mbele na wanatumia lugha yao, na anayekuja mara ya kwanza anaona migongo tu. Kanuni nyingine ilikuwa kwamba ukikutana hewani na mtu anayepiga polepole, unashuka hadi mwendo wake. Humharakishi, na humwachi. Na kabla hujatuma chochote, sikiliza, kisha uliza kama pana mtu, kisha sikiliza tena, kwa sababu inawezekana wewe humsikii mtu lakini wapo wawili wanaosikizana. Na mwenzako akimaliza, subiri kidogo kabla ya kujibu. Mtu mwenye shida hawezi kuingia mahali ambapo hakuna nafasi.

Lakini kanuni aliyoishikilia kuliko zote ilihusu namna ya kujifunza Morse. Katika chumba kile hapakuwa na chati. Vitabu vingi vina chati: herufi upande huu, nukta na mistari upande ule. Mzee aliikataza kabisa.

"Nukta na mistari ni mambo ya wachapa vitabu," alisema. "Sisi tuna sauti. Jina lako likiitwa sokoni, Kiema, huwa unahesabu herufi zake?"

"Hapana, Mwalimu."

"Unageuka tu."

"Nageuka."

"Basi herufi nayo ikikuita, ugeuke tu."

Alitufundisha herufi mbili kwa siku. Aliipiga herufi kwa kasi yake kamili, tii-ti-tii, halafu akanyamaza muda mrefu, halafu akaipiga tena, mpaka iwe sura ya mtu unayemjua. Hatukuruhusiwa kuuliza ina milio mingapi. Sylvance alimwuliza siku moja, "Sasa buda, hiyo ina ndefu ngapi?" Mzee akamjibu, "Mama yako ana nywele ngapi? Na unamjua au humjui?" Tulicheka sana.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1995 kifua cha Mzee kilianza kumsumbua. Moshi wa jalala la Dandora, upepo ukigeuka mchana, hufika Tena yote. Daktari alimwambia aondoke Nairobi, arudi Kimilili kwenye hewa safi, na asichelewe kupita mwisho wa mwaka. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Kituo chetu kilikuwa chini ya leseni yake. Akiondoka bila mtu mwingine hapa mwenye leseni, redio inafungwa na kuchukuliwa na maofisa wa leseni, antena inashushwa, na chumba kinarudi kuwa cha viti vya harusi. Mtihani ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Mmoja wetu tu akipita, yatosha.

Alituambia jambo hili mara moja, akiwa amesimama, akiwa ameshika koti lake mkononi.

"Reli waliponitoa sikusema kitu," alisema. "Kazi huisha. Lakini hapa Eastlands yote hakuna mtu mwingine anayejua nilichokuwa nikifanya maisha yangu. Nikiondoka na nyinyi hamjashika, itakuwa kama sikufanya."

Anyango akasema, "Mzee, tutashika. Hata kama ni mimi na taipu yangu." Mzee akatabasamu. Mimi nilitazama chini. Nilikuwa nimeshahudhuria Jumamosi nyingi na bado herufi zilinitoroka. Jumamosi nazijua kumi, Jumatatu zimebaki nne. Wenzangu waliuliza wakisahau. Mimi sikuuliza. Nilitikisa kichwa kama aliyeelewa.

Mwezi wa nne Anyango alileta kitabu cha zamani cha maskauti cha kaka yake, akanionyesha kwa siri nje ya kanisa. Chati ilikuwa humo, ukurasa mzima.

"Usimwambie Mwalimu," akasema. "Nimeiangalia mara moja tu, nikaogopa nikafunga."

Nilimwomba aniachie hadi kesho yake. Jioni ile nilichukua kipande cha muhugu cha ukubwa wa kiganja, nikachonga herufi zote ishirini na sita. Penye nukta nilitoboa kitundu, penye mstari nilichimba mfereji. Nikakilainisha kwa msasa, nikakipaka nta. Ulikuwa ubao mzuri. Niliuweka mfukoni, na wakati wowote, nikingojea maji bombani au nikiwa kazini, nilipitisha kidole juu yake. Kwa wiki mbili nilizijua zote. Kitu ambacho masikio yangu yalishindwa miezi mingi, vidole na macho vilifanya kwa siku kumi na nne.

Sylvance aliuona ukinitoka mfukoni.

"Manze, mzee Kiema! Hii ni kitu poa sana. Nichongee yangu."

"Ni siri."

"Siri ni fiti. Nichongee tu."

Nikamchongea. Nikamchongea na Anyango, wake nikauzungushia ua pembezoni. Nilifurahi kuwapa. Mimi si mtu wa kuchangia maneno katika kikundi, na hapo nilikuwa nimepata cha kuchangia.

Mzee Nalianya alishangaa. Katikati ya mwezi wa tano alitupigia herufi zote moja moja, polepole, na sisi watatu tukaandika zote bila kosa. Alivua miwani akaipangusa.

"Sijaona darasa la namna hii," alisema. "Reli tulichukua miezi mitano, tena tukijifunza kila siku."

Alituletea mandazi Jumamosi iliyofuata. Nakumbuka nilikula mawili, na yalinishuka vizuri.

Mtihani ulikuwa kupokea maneno kumi na mawili kwa dakika, kwa dakika tano mfululizo. Tulianza na maneno matatu, tukafika manne, tukafika matano bila shida. Mwezi wa saba tulifika sita. Hapo tukakwama. Alipopandisha kidogo tu, sote watatu tulianguka mahali pamoja, kama watu waliofika ukingo wa barabara.

Sasa ninajua sababu, na ndiyo hasa niliyotaka wanachama wapya waisome. Aliyejifunza kwa sikio akisikia herufi huandika. Aliyejifunza kwa macho akisikia mlio hukimbia kwanza kwenye chati iliyo kichwani, anahesabu, nukta moja, mistari miwili, nukta, anatafuta mstari wenye sura hiyo, anasoma herufi iliyo pembeni, ndipo anaandika. Kwa mwendo wa polepole safari hiyo unaiwahi. Mwendo ukizidi, ukirudi na herufi moja mkononi, tatu zimeshapita. Na hakuna bidii inayoweza kuifupisha safari hiyo. Unachohitaji ni kuibomoa njia yenyewe na kuanza upya, jambo linalochukua miezi.

Mzee hakujua tumejifunza kwa macho. Alijua tu kwamba watu watatu tofauti, karani, makanika na mchongaji, wamekwama mahali pamoja, na kitu pekee walichokuwa nacho kwa pamoja ni mwalimu wao. Kwa hiyo akaamua kosa ni lake. Alisema huenda mkono wake umezeeka, milio yake haiko sawa, mifupi imekuwa mirefu na mirefu mifupi.

Siku moja ya kazi mwezi wa nane, mke wake, Mama Patrobas, alikuja Gikomba akanikuta nikipiga msasa. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mzaha, lakini siku hiyo alikaa juu ya gogo akiwa amekumbatia mkoba.

"Baba Muthoki," aliniambia, kwani binti yangu mkubwa anaitwa Muthoki, "mmemfanyia nini mzee wangu?"

"Kwani kuna nini, Mama?"

"Nimeolewa na kile chuma miaka thelathini. Nilishazoea. Lakini sasa anagonga kuanzia chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana. Anarudia, anarudia. Ti-ti, ti-ti, kama kuku anadonoa sahani. Mkono umevimba hapa." Akanionyesha kifundo cha mkono wake mwenyewe. "Nikimwambia apumzike ananiambia anajinyoosha, eti wanafunzi wanateseka kwa sababu yake. Mtu anakohoa na bado anagonga. Njoo umwambie. Wewe anakupenda, kwa sababu hupigi kelele."

Nilienda siku ileile. Nilipokuwa njiani kwa miguu nilipanga maneno. Nilikuwa na sentensi moja tu, na niliirudia kutoka kwa gereji za Kariobangi hadi langoni kwake: Mwalimu, mkono wako ni mzima, sisi ndio tulijifunza kwa chati.

Alikuwa sebuleni, redio ya nyumbani imezimwa, kipigio mezani juu ya kile kitako changu. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji kutoka kwenye vidole hadi karibu na kiwiko.

"Karibu, Kiema. Umefanya vizuri kuja. Hebu sikiliza hii, uniambie ukweli."

Akapiga sentensi kwa mkono uliofungwa, akiuma midomo. Ilikuwa sawa kabisa. Hata mimi nilijua ni sawa.

"Iko sawa, Mwalimu."

"Unaniambia kwa heshima."

"Iko sawa kweli."

"Basi mbona hamuipati?"

Akanyamaza, kwa ile desturi yake ya kukuachia nafasi. Sijawahi kupewa nafasi kubwa kuliko ile. Mama Patrobas alikuwa jikoni, sufuria zilikuwa zinagongana. Nilitazama bandeji. Nilifikiria mandazi. Nilifikiria Anyango na Sylvance, kwamba nikisema nitakuwa nimewataja na wao. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa nimeshikwa na aibu, na kila sekunde niliyonyamaza aibu iliongezeka uzito.

"Tutajaribu zaidi, Mwalimu," nikasema.

Chai ikaja. Nikanywa. Nikaaga.

Miezi miwili iliyofuata tulijaribu zaidi. Anyango alikuwa na wazo la kuandika nukta zenyewe kwa haraka, halafu kuzigeuza herufi baadaye. Tukafanya hivyo kwa siri, karatasi chini ya karatasi. Sylvance alisema kwamba mtihani ni bahati, kwamba pengine siku hiyo watapiga polepole. Mzee aliendelea kuja kila Jumamosi, amejifunga kitambaa cha shingo mchana wa jua, akipumzika baada ya kila ukurasa. Hakutukemea hata mara moja. Afadhali angetukemea.

Siku ya mtihani tulienda mjini sote wanne. Mzee alibaki kwenye benchi nje ya chumba, koti limekunjwa magotini. Tulipoingia tuliketi madawati matatu. Mtahini, bwana mmoja mpole, alituuliza kama tuko tayari, akawasha kanda.

Sina mengi ya kusema juu ya dakika zile tano. Anyango aliweka kalamu chini dakika ya pili. Nilisikia ikigonga meza. Sylvance aliandika herufi ovyo, ile inayojulikana na ile isiyojulikana. Mimi nilianza na herufi, zikanipita, nikaanza kuandika nukta na mistari, nikidhani nitazigeuza baadaye. Kanda ilipokwisha mtahini alisema, "Kalamu chini," na hapakuwa na baadaye.

Alizitazama karatasi zetu akiwa amesimama. Alitikisa kichwa taratibu, akaturudishia, akasema tunaweza kujaribu tena mwakani.

Nje, Mzee aliinuka kwenye benchi. Hakuuliza. Alinyoosha mkono, na kwa kuwa nilikuwa wa kwanza kutoka, karatasi yangu ndiyo aliyoichukua. Aliitazama muda mrefu. Mistari miwili ya juu ilikuwa herufi zenye mapengo. Iliyobaki yote ilikuwa nukta na mistari.

"Hii ni nini?"

 Anyango alitazama viatu vyake.

"Nani aliwaonyesha nukta?"

"Buda, sisi tulikuwa tu..." Sylvance akaanza.

"Ni mimi," nikasema.

Anyango akasema haraka, "Mzee, kitabu kilikuwa changu."

"Ni mimi," nikarudia. "Nilichonga chati kwenye ubao. Nikawachongea na wao."

"Lini?"

"Mwezi wa nne."

 Watu walitupita kwenye ile korido wakiwa na mafaili.

"Mwezi wa nane ulikuja nyumbani," akasema. "Ulikunywa chai."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mkono wangu ulikuwa na bandeji."

"Ndiyo."

"Kiema, mwezi wa nane bado kulikuwa na muda."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma saa. Kisha akaikunja ile karatasi mara mbili, akanirudishia, akasema twende kabla jioni haijawa na watu wengi barabarani. Hakuligusia tena jambo lile, si siku ile wala siku nyingine, na mimi sikupata tena namna ya kuligusia.

Nimejaribu kuanza upya mara mbili tangu wakati huo. Nauchukua mlio mmoja, najikataza kuhesabu, na kabla sijapumua namba zimeshafika. Sina leseni mpaka leo. Chama kipya kinanipa kazi ya kutengeneza vitako na masanduku, nami ninafurahi kuifanya. Lakini nikiona mwanachama mpya ana chati mfukoni naondoka mahali nilipo, naenda kumwambia, hata kama simjui. Na nawaambia viongozi pia: wanafunzi wakikwama wote mahali pamoja, msiwaulize kwa pamoja wameelewa au hawajaelewa. Mchukueni kila mmoja peke yake, nje, mmwulize anafanyaje kichwani. Aliyezoea kunyamaza hatasema darasani.

Maofisa wa leseni walipanga kuja kuichukua redio Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na mbili. Jumamosi iliyotangulia tulikutana mara ya mwisho. Sylvance alikuwa amekuja na ngazi ya kushushia antena, akaiegemeza ukutani nje. Mama Patrobas naye alikuja, akaketi kwenye viti vya harusi, mizigo yao ilikuwa imeshafungwa.

"Ngoja kwanza," Mzee akamwambia Sylvance.

Akaketi, akawasha redio, akasikiliza. Akauliza kama pana mtu, akasikiliza tena. Kisha akaita. Baada ya muda mtu akamjibu kutoka mbali, mlio mwembamba lakini safi. Mzee akapiga jina lake la hewani, yule akapiga la kwake, wakasalimiana polepole. Kisha kitu kikatokea kati yao, sijui ni nani aliyeanza, mwendo ukapanda. Ukapanda tena. Hatukuwa tumewahi kumsikia kwa mwendo wake mwenyewe. Muda wote ule alikuwa ameshuka kwenye wetu. Mkono ulikuwa hautikisiki, milio ikatoka kama cherehani ya fundi anayeijua nguo yake. Yule wa mbali akajibu kwa kasi ileile. Mzee akaegemea nyuma, akafumba macho, hakuwa akiandika chochote, alikuwa akisikiliza tu kama unavyosikiliza jirani anayekueleza habari za shamba. Mara moja akacheka, kwa sauti, mpaka akakohoa, akapiga jibu katikati ya kikohozi.

Mama Patrobas alituinamia. "Anacheka nini?" akauliza kwa kunong'ona.

Anyango akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Sylvance. Sylvance akatazama dirishani, kule ngazi ilikokuwa.

"Hatujui, Mama," nikasema.

Waliongea dakika kumi na moja. Nilishika herufi nne, na hazikuwa zinafuatana. Kisha Mzee akaaga, akasubiri, akapokea kwaheri ya mwenzake, akavua hedifoni, akaandika daftarini saa na jina la yule mtu. Nilitaka kumwuliza walichozungumza. Aliukunja waya wa hedifoni vizuri, akaufunga kwa uzi, akamwambia Sylvance, "Sasa panda."

Sylvance akapanda.